Degu: Ukimpenda, usimshike mkia!

Umemwona kwenye video ukadhani ni panya tu? Cheki vizuri. Degu asili yake ni Chile, Amerika Kusini. Manyoya yake ni ya kahawia, tumbo rangi ya krimu, masikio makubwa, na mkia mrefu wenye kishungi cheusi nchani.

Meno yake ni ya rangi ya chungwa. Usidhani ni uchafu; hiyo ni dalili ya afya. Yakipauka, mpeleke kwa daktari wa wanyama.

Macho nayo yachunge. Mwili wa degu hauwezani na sukari: ukimzoesha matunda matamu au biskuti, anaweza kupata kisukari na mtoto wa jicho. Mpe nyasi kavu.

Kosa kubwa ni kumvuta mkia. Ngozi yake huchomoka, naye huponyoka. Porini mbinu hiyo humwokoa na adui, lakini mkia uliokatika hauoti tena. Mbebe kwa viganja viwili.

Pia, usimfuge peke yake; amezoea kundi. Na anaweza kuishi miaka 5 hadi 8, kwa hivyo si wa kuposti wiki moja kisha umsahau.