Pointi Sita za Mtaro: Jinsi Mathare Ilivyojijengea Klabu

Komredi, tuanze na hesabu ndogo. Timu ya kwanza imeshinda mechi yake wikendi hii, imepata pointi 3. Timu ya pili imechapwa mabao manne bila jibu, lakini asubuhi hiyo wachezaji wake waliamka mapema, wakashika reki na koleo, wakazibua mtaro uliojaa taka mtaani kwao. Wamepata pointi 6. Nani yuko juu kwenye jedwali?

Kwenye ligi yetu ya vitivo hapa chuoni, swali kama hili ni la kuchekesha watu kantini. Lakini kule Mathare, Nairobi, hii ni kanuni ya kweli, na ndiyo iliyozaa klabu iliyokuja kutwaa ubingwa wa Kenya. Wengi wetu tunaijua Mathare United kama jina tu kwenye ratiba ya Ligi Kuu. Ilikotoka ndiyo hadithi yenyewe.

Mpira wa juala

Mwaka 1987 Mathare ilikuwa na watoto wengi na mipira michache. Waliotaka kucheza walikusanya mifuko ya plastiki, wakaifinyanga na kuifunga kwa kamba, wakapata mpira wa juala. Bob Munro, Mkanada aliyekuwa akifanya kazi Nairobi katika mambo ya mazingira na maendeleo, alikutana na watoto hao na kukubali kuwasaidia kuanzisha ligi. Lakini hakuwapa bure. Makubaliano yalikuwa kwamba wao wakifanya kitu, chama nacho kitafanya kitu. Wasipofanya, nacho hakifanyi. Hapo ndipo ilipozaliwa Mathare Youth Sports Association, ambayo watu wa mtaa huiita MYSA tu.

Kwa nini taka? Kwa sababu taka ndizo zilizokuwa zikiua watu. Malori ya baraza la jiji hayakuwa yakiingia vichochoroni. Uchafu ulirundikana, mitaro ikaziba, na mvua ikinyesha maji yale yaliingia hadi chini ya vitanda. Kwa maji ya aina hiyo, ugonjwa haupigi hodi. Basi usafi ukaingizwa kwenye sheria za ligi kama vile kuotea au kona. Timu ikikamilisha zamu yake ya kusafisha, inaongezewa pointi kwenye jedwali. Isipojitokeza, inazikosa. Mshambuliaji hodari asiyeshika reki akawa anaigharimu timu yake.

Mwaka 1992 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, liliipa MYSA tuzo yake ya Global 500. Fikiria: ligi ya watoto wa mtaa wa mabanda inatuzwa kwa mazingira, si kwa mabao.

Pointi zinalipa karo

Mwaka huohuo wasichana nao wakaanza kuwa na ligi yao. Haikuwa rahisi. Msichana wa mtaani baada ya shule ana maji ya kuchota, mdogo wake wa kubeba na sufuria za kusugua, na mzazi anauliza mpira utamsaidia nini. Ilibidi wazazi wazungumzishwe, na wasichana wenyewe waonyeshe kwamba wanaweza.

Mfumo wa pointi pia haukuishia kwa timu. Kijana mmoja mmoja naye hujikusanyia pointi zake kwa kufundisha watoto wadogo, kuwa refa, kusafisha mtaa au kuelimisha wenzake juu ya Ukimwi. Wenye pointi nyingi hupata tuzo ya karo, na pesa hizo hupelekwa moja kwa moja shuleni. Hazipitii mfukoni mwa mtu. Hata uwanjani, mbali na kadi ya njano na nyekundu, kuna kadi ya kijani, anayopewa mchezaji aliyeonyesha nidhamu kuliko wote.

Na viongozi? Ni vijana haohao. Timu huchagua wawakilishi wa kanda, kanda zikachagua wa juu yao. Mtu anaweza kuanza kama beki wa timu ya watoto wa miaka kumi na miwili, akaishia kwenye meza inayopanga ratiba ya ligi nzima.

Kutoka vichochoroni hadi ubingwa

Mwaka 1994 vijana waliokuwa wameiva wakaundiwa timu ya wakubwa: Mathare United. Hapa inafaa ukumbuke klabu za Kenya zilivyo. Kuna za mashirika na taasisi, kama Tusker, KCB na Ulinzi. Kuna zilizoota mizizi katika jamii fulani, kama Gor Mahia na AFC Leopards. Mathare United haikuwa na kiwanda nyuma yake wala kabila moja la kuijazia uwanja. Ilikuwa na mtaa.

Mwaka 1998, ikiwa bado ligi ya chini, ilinyakua Moi Golden Cup. Vigogo wakashika vichwa. Kabla hawajasema ni bahati, ikalibeba tena mwaka 2000. Harambee Stars walipokwenda Tunisia kwa Kombe la Mataifa ya Afrika 2004, kikosi kilikuwa na wachezaji waliopitia Mathare, Dennis Oliech akiwa mmoja wao.

Kisha ukaja 2008. Mwaka huo ulianza na ghasia za baada ya uchaguzi, na Mathare ilikuwa kati ya mitaa ya Nairobi iliyoumia sana. Majirani waliokuwa wakiazimana chumvi walianza kuulizana majina ya ukoo. Mwaka huohuo timu yenye jina la mtaa huo, yenye wachezaji wa makabila mbalimbali, ikiwa chini ya kocha Francis Kimanzi, ikawa bingwa wa Ligi Kuu ya Kenya. Kombe halikufufua mtu wala halikujenga nyumba iliyoungua. Lakini jina la Mathare lilitajwa redioni kwa jambo jingine.

Miaka ya karibuni klabu imeonja machungu. Ilishuka daraja, ikasota huko chini, kisha ikapanda tena. Ingekuwa klabu ya tajiri mmoja, pengine ingekufa siku tajiri anapochoka. Hii chini yake kuna ligi ya watoto, na watoto hao hawakungoja timu ya wakubwa ishinde ndipo wacheze.

Swali kwa ligi yetu

Najua kuna atakayesema: kwa nini mtoto azibue mtaro ambao baraza la jiji lilikuwa likikusanyia kodi? Ni swali la haki, na reki ya mtoto haikumfutia diwani deni lake. Lakini Mathare walikataa kungoja jibu huku wakizama. Na mtu aliyeuzibua mtaro kwa mikono yake ana sauti nzito zaidi akienda kuuliza kodi yake imekwenda wapi.

Sasa turudi nyumbani. Kila baada ya fainali ya vitivo, sisi huondoka tukiimba na kubeba nahodha juu juu, na uwanja unabaki mweupe kwa chupa za plastiki. Jumatatu alfajiri akina mama wa usafi huinama kuziokota, moja moja. Sisi ndio tunaoandika insha za maendeleo ya jamii.

Muhula ujao kamati ya michezo ya chama chetu itakaa kupitia sheria za ligi. Napendekeza kifungu kimoja tu: timu isiyosafisha upande wake wa uwanja baada ya mechi ikatwe pointi. Kitivo changu ndicho kinachoongoza ligi sasa hivi, na kwa jinsi ninavyowajua wenzangu, sheria hiyo ingetuporomosha hadi mkiani. Bado nitaipigia kura.