Maziwa Hayafuti Moshi wa Plastiki

Kila Desemba inapokaribia, wazazi na walimu wa chekechea wanaotaka kutengeneza mapambo ya mti wa Krismasi na watoto kwa chupa na makopo yaliyotumika huja na swali lile lile: tukishayeyusha plastiki jikoni, mtoto anywe maziwa kiasi gani? Nusu glasi au nzima? Kiasi hakina maana, kiwe kijiko au ndoo. Swali lenyewe limesimama juu ya imani kwamba maziwa huondoa sumu popote ilipo mwilini, na imani hiyo ndiyo inayompa mtu mzima ujasiri wa kumkalisha mtoto wa miaka mitano mbele ya mkaa unaowaka, wasubiri kingo za chupa zijikunje kama ua. Bila kinga hiyo ya kufikirika, wengi wasingethubutu.

Maziwa hupita kwenye umio yakaishia tumboni. Moshi hushuka kwenye koo la hewa hadi mapafuni, na kutoka hapo gesi zake huingia kwenye damu bila kupitia tumboni kabisa. Monoksidi ya kaboni, inayotoka kwenye mkaa wenyewe na kwenye plastiki inayoungua, hushikana na himoglobini kwa nguvu inayoizidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kinachoiondoa ni hewa safi, au oksijeni ya hospitalini. PVC, ile ya vipande vya mabomba na ngozi bandia za mikoba, ikichomwa hutoa kloridi ya hidrojeni, gesi ambayo ikikutana na unyevu wa njia ya hewa hugeuka asidi papo hapo. Maziwa hayafiki huko, na yakifika basi mtoto amepaliwa. Wapo wanaojiona waangalifu kwa kukwepa moto: huchukua taa za enaji seva zilizoungua, wakazipaka rangi na kuzitundika. Ndani yake mna zebaki, miligramu chache tu, lakini taa ikivunjika zebaki hiyo huwa mvuke chumbani. Zebaki ya namna hii ikimezwa, karibu yote hutoka na kinyesi. Mvuke wake ukivutwa, takriban asilimia 80 huingia kwenye damu. Anayekimbilia kulinda tumbo analinda mlango ambao mwizi hakuupitia.

Hapo huja hoja ya viwandani: mbona wafanyakazi wa rangi na saruji hupewa maziwa? Hupewa, na ni lishe nzuri, lakini kinachowakinga ni barakoa na hewa inayozunguka. Mwajiri anayetoa maziwa badala ya barakoa ameokoa fedha zake tu. Hoja nyingine ina uzito zaidi. Vitabu vya zamani vya tiba vilishauri maziwa na ute wa yai kwa aliyemeza chumvi za zebaki, kwa kuwa protini huzinasa tumboni. Sawa, lakini huyo alimeza, hakuvuta. Hata kwa aliyemeza, maziwa si dawa ya kila kitu: aliyekunywa mafuta ya taa akipewa maziwa anaweza kutapika, na mafuta yakaingia mapafuni. Ama wale wanaosema “sisi tulichoma plastiki utotoni na hatukufa,” kutokufa ni kipimo cha chini mno kwa pambo la sikukuu.

Na moto wenyewe wa nini? Geuza chupa ya soda ya plastiki utazame kitako chake: kina vidole vitano, ni nyota tayari. Mtu mzima akikate kwa mkasi, azungushie ukingo seloteipu usimchane mtoto, kisha mtoto apake rangi. Pakiti ya maziwa ya boksi, ikioshwa na kupasuliwa, ndani inang'aa kama fedha. Hiyo ndiyo kazi ya maziwa katika shughuli hii. Vizibo vya soda mvitoboe ninyi wakubwa kwa msumari. Mabaki ya vitenge kutoka kwa fundi cherehani, magazeti, maganda ya mayai yaliyochemshwa, mbegu za mvinje, vyote vinafaa. Gundi ni uji mzito wa unga wa ngano, rangi ya njano ni manjano ya jikoni. Kitu chochote kinachopenya kwenye bomba la karatasi ya chooni kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu, kwa hiyo kitundikwe asikofika. Betri ndogo za vidonge zisiwepo mezani kabisa: moja ikikwama kwenye umio, saa mbili zinatosha kuunguza.

Mtoto akishavuta moshi, mtoeni nje kwenye hewa. Akikohoa mfululizo, akihema kwa shida au akisinzia, mpelekeni kituo cha afya mara moja na mseme ni plastiki gani iliyoungua. Msisubiri kuona kama maziwa yatafanya kazi.