Umevalisha Nduthi Rimu Kali, Lakini Inasimama? Soma Hii Kabla Umwage Doh

Pitia steji yoyote ya Garissa town saa saba mchana. Jua limekasirika, wasee wamejificha chini ya mwarobaini, na nduthi zimepangwa ka ziko show. Moja iko na rimu za dhahabu. Nyingine imefungwa tairi pana nyuma. Ya tatu iko na taa za kumezamezameta ka nganya ya Rongai. Zote zimeosheka poa.

Sasa chuchumaa hapo mbele, umwambie mwenyewe afinye breki ya mbele. Kwa zingine, leva itaenda mpaka iguse mkono na gurudumu halitajali.

Hapo ndio stori ya leo iko. Kila msee anataka kuboresha nduthi, na si vibaya, hiyo ni ofisi yako. Lakini kuna upgrade ya kuonekana na kuna upgrade ya kukurudisha nyumbani. Wacha tuongee vile mambo yako, ndio usichome doh.

Huu ugonjwa wa rimu ulitoka kwa resi

Si wewe wa kwanza kupenda rimu. Miaka ya 1970, wasee wa resi huko Ulaya walianza kung'oa magurudumu ya spoki na kuweka ya magnesiamu. Kampuni ka Campagnolo ya Italia, ile inajulikana sana kwa baiskeli, ilikuwa inatengeneza. Magnesiamu ni nyepesi mbaya: kipande cha saizi sawa kina uzito wa ka theluthi mbili ya aluminiamu, na hakifiki robo ya chuma. Mpaka leo kuna watu Uingereza na Marekani wanazisaka hizo rimu za kitambo wafunge kwa pikipiki zao za kukimbiza uwanjani.

Mbona wahangaike hivyo? Sababu ni mbili.

Kwanza, uzito ulio kwa ukingo wa gurudumu unakula nguvu mara mbili. Unasukumwa mbele na nduthi, halafu pia unazungushwa. Kwa hesabu, kilo moja kwa rimu ni ka kilo mbili kwa tanki, ukiwa unachapa mbio au ukiwa unasimama.

Pili, gurudumu liko chini ya shoki. Likiwa zito na ligonge shimo, linaruka na linachelewa kurudi chini. Na tairi ikiwa hewani, hata breki ya ndege haiwezi kukusaidia.

Lakini kuna kitu watu husahau kwa hiyo stori. Wasee wa resi hawakuishia kwa rimu. Walibadilisha na breki. Mwaka wa 1969 Honda walitoa CB750, na hiyo ndio ilifanya breki ya diski mbele iwe kitu ya kawaida kwa pikipiki za kuuzwa kwa wingi. Kwa resi, gurudumu jepesi na breki kali hutembea pamoja. Sisi tulichukua nusu ya stori, ile nusu inang'aa.

Garissa si uwanja wa resi

Uwanja wa resi uko na lami laini, msee mmoja juu ya pikipiki, na hakuna mbuzi. Wewe uko na mchanga wa Bula Iftin, punda wa mkokoteni wa maji ameamua kusimama katikati, abiria wawili nyuma na gunia la sukari kutoka Soko Mugdi limekaa juu ya tanki.

Kwa hiyo kazi, spoki si ushamba. Gurudumu la spoki likigonga shimo, linajipinda kidogo na kurudi. Likipinda kabisa, fundi anakaza hapa, analegeza pale, na unarudi kazini siku hiyo hiyo. Rimu ya aloi ya bei ya kutupa hainyooshwi hivyo. Ikizidiwa, inapasuka. Na ikipasuka ukiwa kwa barabara ya Dadaab na mzigo, hapo ni wewe na Mungu.

Hata hizo rimu za magnesiamu za kitambo ziko na shida yake. Maji na chumvi huzila, na uzee huleta nyufa ndogo zenye macho haioni. Watu wanaojua kazi huzipeleka zikaguliwe kwanza, hata kwa eksirei, kabla wazipande. Sasa kama msee wa uwanja wa lami anaogopa rimu yake, wewe unanunua aloi ya mkono wa tatu isiyojulikana imetoka wapi aje?

Si ati aloi zote ni mbaya. Zile zimekuja na nduthi kutoka kwa kampuni ziko sawa, kama kazi yako ni ya lami ya town na hubebi mzigo wa lori.

Piga hesabu ya ngamia

Sema unatoka upande wa Modika usiku, uko 80 kwa saa. Kwa hiyo spidi, kila sekunde unameza mita 22. Ngamia ametokea. Mpaka akili ikubali ni ngamia na mkono ufinye breki, sekunde moja imeisha. Mita 22 zimeenda bure.

Breki zako zikiwa fiti na lami iko kavu, utahitaji ka mita 40 zingine kusimama. Jumla ka mita 62. Breki zikiwa na nusu ya nguvu, hizo 40 zinakuwa 80, na jumla inapita mita 100. Taa ya nduthi nyingi haionyeshi mita 100 mbele.

Na ngamia si mbuzi. Miguu yake ni mirefu. Unagonga miguu, mwili wote unakuangukia. Nyuma yako kuna mama ya mtu, pengine hana helmeti, na alikuamini.

Kitu ingine: ukipunguza kutoka 80 hadi 40, nguvu yenye breki inafaa kumaliza haishuki nusu. Inashuka mpaka robo. Spidi ndio breki ya bure.

Mbona breki za dramu huchoka huku kwetu

Nduthi nyingi za boda zinatumia breki za dramu. Ndani ya habu kuna breki shuu mbili zenye umbo la nusu duara. Ukifinya leva, zinatanuka na kusugua ukuta wa dramu. Ni rahisi na speya ziko kila mahali. Lakini Garissa inazipea maadui watatu.

Joto ndio la kwanza. Mchana huku hupita nyuzi 35 mara nyingi, na kila breki unashika inaongeza moto ndani ya habu, mahali hakuna upepo. Dramu ikipata moto inapanuka na kuhepa shuu, na shuu yenyewe inaanza kuteleza. Ndio maana leva huwa ndefu ukiwa na mzigo.

Mchanga ndio wa pili. Ukiingia ndani, unakuwa msasa. Unakula shuu na kuchora mifereji kwa dramu.

Maji ndio ya tatu. Novemba 2023, Tana ilipofurika na barabara ikakatwa upande wa Madogo, wengi walisukuma nduthi ndani ya maji. Dramu ikilowa, haishiki mpaka ikauke. Ukitoka kwa maji, endesha polepole ukigusa breki kidogo kidogo mpaka uisikie imeshika tena.

Anza hapa, kwa hii order

Moja, fungua magurudumu yote mawili. Angalia shuu, toa mchanga kwa kitambaa chenye maji. Usipulize hilo vumbi kwa mdomo wala kompresa, ni sumu kwa mapafu. Shuu ikiwa imeisha ama imeng'aa ka kioo, badilisha zote mbili. Dramu ikiwa na mifereji mirefu, shuu mpya haitakusaidia sana.

Mbili, badilisha kebo ya breki ya mbele kama imeanza kukatika nyuzi ama inakwama. Ni speya ya bei ya chini na ndio inabeba maisha yako. Ukimaliza, rekebisha leva ianze kushika mapema, lakini gurudumu lizunguke huru ukiiachilia.

Tatu, gonga kila spoki na spana ndogo. Iliyokazwa inalia "ting". Iliyolegea inalia ka mbao. Hapo hapo shika gurudumu ulitikise upande kwa upande. Likicheza, beringi zimeenda.

Nne, tairi. Tairi kipara haisimami hata na breki ya ndoto.

Tano, sasa ndio uongee kuhusu diski. Diski iko wazi kwa upepo, inapoa haraka na inakauka haraka, kwa hivyo ni upgrade ya maana. Lakini fanya seti nzima: foku yenye ina mahali pa kufunga kalipa, habu ya diski, masta silinda na paipu, zote za kuingiana. Fundi akikuambia atachomelea kipande cha chuma kwa foku ya dramu kishike kalipa, shukuru na uondoke. Hicho kipande kikikatika ukiwa kwa spidi, kinaingia kwa gurudumu. Na mafuta ya breki yabadilishe ka kila miaka miwili, juu yanafyonza maji.

Halafu ujifunze kuitumia

Wasee wengi huogopa breki ya mbele, wanasema inaangusha. Kwa mchanga ni kweli: ukiifinya kwa nguvu, gurudumu linateleza na uko chini. Hapo punguza spidi mapema na uguse zote mbili polepole. Lakini kwa lami kavu, uzito wote unakimbilia mbele ukishika breki, na gurudumu la mbele ndio linafanya kazi kubwa ya kukusimamisha. Ukitumia ya nyuma peke yake, umeacha breki yako kubwa nyumbani. Tafuta lami haina watu asubuhi, uizoee ukiwa 20, halafu 30.

Kesho kabla ubebe kastoma wa kwanza, fanya hivi. Zima injini, finya breki ya mbele, halafu sukuma nduthi kwa nguvu zako zote. Ikisonga, hizo doh za rimu za dhahabu ziko na kazi ingine.