Mama Mkwe, Hiyo Siyo Mboga!

Maua ya foksiglavu yanapendezesha bustani kuliko unavyoweza kufikiria. Ukikosea hatua moja, yanakupeleka hospitali. Mimi yalitaka kuniharibia na ndoa.

Mpenzi msomaji, naomba nianze na siku yenyewe. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Aprili 2023, hapa Birmingham, Uingereza. Nimeshuka ngazi na khanga yangu, usingizi bado machoni, nikasikia harufu ya kitunguu kinakaangwa. Nikajua Mama ameshaamka. Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga, ndiyo kwanza wiki ya kwanza, na ni wale kina mama ambao saa kumi na mbili asubuhi ameshaswali, ameshafagia na anatafuta kazi nyingine.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu, umeamkaje? Nyie watoto mna mambo! Mboga za dukani mnanunua kwa bei ile, kumbe huko uani zimejaa tele."

Juu ya ubao kulikuwa na rundo la majani, yamekatwa membamba kama anayekatia matembele. Kopo la tui lilishafunguliwa. Nikayaangalia yale majani mara mbili. Miguu ikaniisha nguvu. Yalikuwa majani ya foksiglavu zangu.

Wengine mtajiuliza, foksiglavu ndiyo kitu gani? Ni ua la kwao huku Ulaya. Ukisafiri kwa treni Uingereza mwezi wa sita utaliona limejiotea kandokando ya reli na kwenye misitu. Jina lake la Kiingereza maana yake ni glavu za mbweha, kwa sababu kila ua limekaa kama kidole cha glavu. Wataalamu wanaliita Digitalis purpurea, na hilo neno la kwanza limetokana na kidole kwa Kilatini. Bua moja linasimama hadi mita moja na nusu au zaidi, limejaa vikengele vya zambarau vyenye madoadoa ndani. Siku nilipoliona kwenye bustani ya jirani yangu, nikasema na mimi lazima.

Basi Juni 2022 nikanunua pakiti ya mbegu. Mbegu zenyewe ndogo kama ugoro, ukipiga chafya umezikosa. Mimi mtoto wa shamba nikazifukia kama navyofukia mahindi. Haikuota hata moja! Jirani alicheka mpaka akakaa. Kumbe mbegu hizi zinataka mwanga ili ziote: unazinyunyiza juu ya udongo laini kwenye trei, unazigandamiza kidogo na kiganja, unamwagilia kwa kuiweka trei kwenye maji yapande yenyewe kutoka chini. Raundi ya pili zikaota. Septemba nikazihamishia chini ya mti wetu wa tufaha, kwenye kivuli cha wastani, zikiachana kama sentimita 45. Udongo zinapenda wenye unyevu na mbolea ya majani yaliyooza, ila maji yakituama mizizi inaoza.

Tatizo la foksiglavu ya kawaida ni kwamba mwaka wa kwanza haikupi kitu. Inatoa majani tu, yamekaa chini kama sahani, mapana, yamekunjamana, yana vinyweleo laini. Inabidi ipitie baridi kwanza, ndipo mwaka wa pili ipandishe bua na kuchanua. Zipo aina za kisasa kama Camelot ambazo zinachanua mwaka uleule, lakini mimi nilitaka ile ya kienyeji.

Hapo ndipo mume wangu alipokuwa ananikosa. Kiwanja chetu cha nyuma ni kidogo, na yeye ndoto yake ilikuwa mchicha. Kila akisimama dirishani: "Mke wangu, hii ni bustani au shamba la magugu?" Mwanzoni nilicheka. Kufika Desemba nilikuwa sicheki tena. Tulinuniana siku tatu kwa ajili ya kipande cha ardhi unachoweza kukitandikia mkeka mmoja, na mimi kwa hasira nikakataa kumweleza chochote kuhusu mmea wenyewe. Sikumwambia kuwa una sumu. Niliogopa angepata sababu ya kuung'oa.

Sasa rudi na mimi jikoni. Nilizima jiko kabla sijafungua mdomo.

"Mama, umeonja?"

"Nionje nini, mboga haijaingia hata motoni?"

Nilimshika mikono, tukaiosha pamoja kwa sabuni, mimi natetemeka yeye ananishangaa. Nikamweleza. Foksiglavu yote ni sumu: jani, ua, mbegu. Kuchemsha hakusaidii. Aliyekula anaanza kutapika, mapigo ya moyo yanaharibika, wengine wanaona vitu vyote vimekuwa vya njano. Huku Ulaya watu wameshaponzwa wakidhani wanachuma majani ya kaumwani ya kutengenezea chai, maana kabla ya kuchanua mimea hii miwili inafanana sana. Ikitokea hapa unapiga 999 papo hapo, unabaki na kipande cha jani cha kuwaonyesha madaktari, na humlazimishi mtu kutapika.

Mama alinyamaza. Halafu akauliza, taratibu tu: "Na mtoto?"

Binti yetu ana miaka minne wakati huo, anacheza uani kila jioni. Sikuwa na jibu.

Kilichonimaliza kabisa ni pale alipokwenda kuchukua dawa zake za asubuhi. Mama moyo wake unapiga ovyo, ana vidonge anavyomeza kila siku. Nikasoma boksi: digoxin. Dawa hiyo ilitolewa mwaka 1930 kwenye ndugu wa ua langu, Digitalis lanata. Yaani angekula ile mboga, angekuwa ameongeza sumu ya aina ileile juu ya dozi aliyopimiwa na daktari wake. Na dozi ya dawa hii ina mpaka mwembamba sana kati ya kuponya na kudhuru.

Ajabu ni kwamba habari hii imeanzia mjini kwetu hapahapa. Daktari William Withering wa Birmingham alisikia mwaka 1775 kuhusu dawa ya siri ya mwanamke mmoja wa Shropshire, mchanganyiko wa mitishamba kama 20 wa kutibu mwili kuvimba maji. Akachambua, akaona kinachofanya kazi ni foksiglavu. Alijaribu vipimo kwa miaka kumi, na mwaka 1785 akatoa kitabu kinachoonya waziwazi juu ya kuzidisha. Kumbukumbu yake ipo kwenye kanisa la zamani la Edgbaston, wameichonga na ua lenyewe.

Mume wangu aliposhuka na kusikia, hakusema neno. Alikwenda moja kwa moja kuchukua sepeto. Na mimi, niseme ukweli, nisingemzuia. Aliyemzuia ni mama yake.

"Rudisha hiyo. Mkeo kakosa kusema, na wewe kila siku unamkejeli, angesema vipi? Wekeni uzio. Na mimi nataka nilione hilo ua lililotaka kuniua."

Tulizungushia waya siku ileile. Mtoto akafundishwa, akafundishwa tena: haligusi. Mimi nikishika huvaa glavu. Mwisho wa Mei, baridi ilipokwisha, mume wangu akapata kisanduku chake cha mchicha, karibu na mlango wa jikoni, mbali kabisa na mti wa tufaha, ili atakayechuma mboga asichanganye.

Juni yakachanua, jamani. Maua yanaanza kufunguka chini yanapanda juu, na wale nyuki wakubwa wenye manyoya nao wanaingia kengele ya chini, wanapanda moja moja hadi juu, wanahamia bua jingine. Mama alikuwa anaweka kiti chake pale kila alasiri na kikombe cha chai ya tangawizi. Upepo ulipovuma ni yeye aliyeniambia niyafungie miti. Bua kuu likimaliza, likate, pembeni yatatoka mengine madogo. Acha moja au mawili yakomae kwa ajili ya mbegu, maana mmea wenyewe ukishachanua kwa kawaida ndiyo mwisho wake.

Kabla ya kuondoka aliniomba mbegu. Nikamwambia Mama, joto la Tanga haliwezi, halafu mbegu kwenye sanduku la ndege bila karatasi za afya ya mimea ni kasheshe. "Basi nipe picha," akasema, tukampiga yeye na ua lake, waya ukiwa katikati.

Agosti ile nilimkuta mume wangu uani peke yake, anapukutisha vikonyo vikavu ndani ya bahasha. Juu ya bahasha alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa: SUMU. SIYO MBOGA.