Injini ya Theluji Porini

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wahenga walisema tembea uone, nami nilitembea nikaona. Mwaka 2022, kabla ya kujiunga na shule hii, nilikaa kwa mjomba wangu kaskazini mwa jimbo la Minnesota, Marekani. Huko nilimsaidia kuunda kigari cha kupita porini, ambacho wenyeji hukiita bagi, kwa injini kuukuu iliyotolewa kwenye pikipiki ya theluji. Tangu nirudi wenzangu bwenini hawachoki kuniuliza ilikuwaje. Leo nitaeleza yote, pamoja na jinsi nilivyoiua injini ile kwa mkono wangu mwenyewe.

Kwanza, pikipiki ya theluji ni kitu gani? Mbele ina vibao viwili virefu vya kutelezea. Nyuma ina ukanda mpana wa mpira wenye meno, unaozunguka kama ule wa chuma wa tingatinga. Mkanada Joseph-Armand Bombardier alianza kuuza zake, zilizoitwa Ski-Doo, mwaka 1959. Huko Minnesota nako, kampuni ya Polaris ilianza kuzitengeneza katika mji wa Roseau miaka hiyo hiyo ya 1950. Kwa hivyo mashine kuukuu ni tele katika nyua za watu. Bodi huliwa na kutu na ukanda hukatika, lakini mara nyingi injini hubaki nzima. Jirani mmoja mzee alimuuzia mjomba mashine nzima kwa dola 150.

Mbona kuhangaika na injini ya namna hiyo? Sababu ni kwamba ni nyepesi na ina nguvu. Yetu ilikuwa ya silinda mbili, sisi 440, na nguvu za farasi kama 40. Ni injini ya mipigo miwili, ile mafundi wetu wanaita tu-stroki. Kila pistoni hupata mlipuko katika kila mzunguko, ilhali katika injini ya mipigo minne hupata mlipuko mmoja kwa mizunguko miwili. Lakini haina oili ya kukaa chini kama ya gari. Oili yake huchanganywa na petroli. Sisi tulitia mililita 100 za oili katika lita 5 za petroli, yaani moja kwa hamsini. Ukisahau oili, pistoni itakwaruzana na silinda na mchezo umekwisha.

Jambo la pili ni kupoza. Baadhi ya injini hizi hupozwa kwa maji yanayopita katika vyuma vilivyo juu ya ukanda, na theluji inayorushwa na ukanda ndiyo inayopoza vyuma hivyo. Sasa porini wakati wa kiangazi theluji utaitoa wapi? Itabidi uweke rejeta ya gari. Mjomba alichagua injini yenye feni yake. Alichofanya ni kuhakikisha tu kwamba hewa haizibwi.

Tatu, klachi. Hapa ndipo nilipostaajabu. Hakuna kubadilisha gia! Kuna puli mbili na mkanda mmoja, kama kwenye skuta. Puli ya kwanza imefungwa kwenye injini na ndani ina vizito. Injini ikizunguka polepole, puli huachama na mkanda haushikwi. Ikipita mizunguko 3,000 hivi kwa dakika, vizito hurushwa nje, vikasukuma shavu la puli, na mkanda ukabanwa ukapanda juu. Kwenye puli ya pili mkanda huzama. Gia inajibadilisha yenyewe namna hiyo.

Lakini puli peke yake hazitoshi, na hapa hesabu za darasani zilitufaa. Gurudumu letu lilikuwa na kimo cha sentimita 56, hivyo kila mzunguko linasonga mita 1.76. Injini ikizunguka mara 7,000 kwa dakika, puli zikiwa sawa kwa sawa, na mnyororo ukipunguza mwendo mara nne tu, kigari kingetaka kukimbia kama kilomita 185 kwa saa. Kwenye matope? Hicho si kigari, ni jeneza. Tukaongeza shafti ya katikati: meno 12 kwa 24, kisha 13 kwa 52. Sasa inapunguza mara nane, mwendo wa juu ni kilomita 92, na nguvu ya kupanda kilima imekuwa maradufu. Vilevile tuliilaza injini ikitazama mbele kama ilivyokuwa mwanzo. Tungeigeuza, kigari kingerudi kinyumenyume.

Julai tulikiwasha. Mjomba alikuwa amekichomelea fremu ya mabomba ya chuma yenye paa la kulinda kichwa kikipinduka, akaweka mkanda wa usalama, na kifuniko cha chuma juu ya puli ili mkanda ukikatika usimkate mtu. Lakini wapi! Kigari kilikohoa, kikatoa moshi mzito. Plagi tulipozifungua zilikuwa nyeusi na zimelowa.

Mjomba akanifafanulia. Ndani ya kabureta mna kijitundu cha shaba kinachoitwa jeti, nacho ndicho kinachopima petroli. Hewa ya baridi ni nzito, inataka petroli nyingi. Hewa ya joto ni nyepesi, inataka kidogo. Injini yetu ilikuwa na jeti kubwa za baridi, nasi tulikuwa kwenye joto la nyuzi 30. Tukaweka jeti ndogo, na zile kubwa tukazitia kwenye kopo la kahawa. Plagi zikawa na rangi ya biskuti, kama inavyotakiwa. Tulifurahi majira yote.

Basi siku moja ya Novemba kulikuwa na baridi ya nyuzi 12 chini ya sufuri. Mjomba alikuwa ametoka kazini zamu ya usiku, macho mekundu. Nikambembeleza.

"Mjomba, tuzunguke mara moja tu."

"Mpwa wangu, kwanza tubadilishe jeti."

"Dakika tano tu, mjomba. Kuna haja gani?"

Alichoka kubishana, akaniruhusu. Injini ililia vizuri kuliko siku zote, sauti nyembamba, tamu. Kumbe ulikuwa wimbo wa kufia! Hewa ya siku ile ilikuwa nzito kwa karibu asilimia 16 kuliko ya Julai, na petroli ilikuwa ile ile kidogo. Petroli ikipungua, moto huwa mkali kupita kiasi, na oili nayo hupungua kwa sababu imo ndani ya petroli. Injini ikakata ghafla, kimya. Plagi zilikuwa nyeupe kama chaki. Pistoni moja ilikuwa imetoboka.

Mjomba hakunigombeza. Aliliweka lile kopo la kahawa mezani, akaenda kulala. Ningeona afadhali anichape. Desemba nzima nilizoa theluji milangoni pa majirani nikalipia pistoni nyingine, na tukaifunga pamoja, kwa jeti za baridi.

Ndugu msomaji, hatuna theluji huku, ila tuna milima. Kutoka Mombasa hadi Nairobi unapanda mita 1,700 hivi, na hewa hupungua uzito kama asilimia 15, karibu sawa na tofauti ya Julai na Novemba kule. Pikipiki ya kabureta iliyopangwa Mombasa itakula petroli ovyo Nairobi, na iliyopangwa Nairobi itaona njaa Mombasa. Kwa hivyo ukihamisha injini, iwe ya boda boda au ya pampu ya maji, uliza kwanza ilikotoka na inakokwenda. Kisha fungua plagi uitazame rangi. Hiyo ni kazi ya dakika tano, zile zile dakika tano nilizomnyima mjomba.