Kwasa kwasa ya Cape Cod: albamu ya kwanza ya Vampire Weekend inaposikilizwa tena

Albamu ya kwanza ya Vampire Weekend, iliyopewa jina la bendi yenyewe, ilitoka mwishoni mwa Januari 2008 ikiwa na nyimbo 11. Zote kwa pamoja hazifiki dakika 35. Kwa kulinganisha, wimbo "Mario" wa Franco na bendi yake ya T.P. OK Jazz ya Kinshasa ungekula peke yake zaidi ya theluthi ya muda huo. Wimbo wa nne unaitwa "Cape Cod Kwassa Kwassa". Cape Cod ni rasi katika jimbo la Massachusetts, Marekani, ambako familia zenye uwezo huenda kupumzika wakati wa kiangazi. Kwasa kwasa haihitaji maelezo kwa yeyote aliyehudhuria harusi za Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura mwishoni mwa miaka ya 1980. Jinsi vitu hivyo viwili vilivyokutana katika wimbo mmoja, na jinsi mkutano huo unavyosikika leo, ndiyo habari kubwa ya albamu hii.

Vijana wanne waliounda bendi hiyo walikutana wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, kaskazini-magharibi mwa Manhattan, New York, na wakaanza kupiga pamoja mwaka 2006. Ezra Koenig aliimba na kupiga gitaa. Alikuwa amesomea fasihi ya Kiingereza, na baada ya kuhitimu alifundisha kwa muda katika shule moja ya Brooklyn. Rostam Batmanglij, ambaye wazazi wake walitoka Iran, alisomea muziki. Yeye ndiye aliyeshika vinanda na pia akawa prodyuza. Chris Baio alipiga besi na Chris Tomson alikaa kwenye dramu. Jina la bendi lilitokana na filamu ya kujifurahisha ambayo Koenig aliianza wakati wa likizo na kuiacha njiani. Ndani yake kijana aitwaye Walcott anafunga safari hadi Cape Cod kumwonya meya kwamba wanyonya damu wameivamia nchi. Filamu ilikufa, lakini Walcott alipata wimbo wake, wa kumi katika albamu.

Muziki wao huwekwa kwenye fungu la indie, yaani roki ya lebo huru zisizomilikiwa na makampuni makubwa ya kurekodi. Mkondo huo ulichipuka Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1970, pale bendi kama Buzzcocks ya Manchester ziliposhindwa kusubiri kuitwa na wakubwa zikatoa santuri zao zenyewe. Kufikia 2008 jina hilo lilihusu ladha zaidi kuliko mkataba, na mjini New York ladha ilikuwa bado imeshikwa na The Strokes, waliotikisa mji kwa albamu yao ya 2001: jaketi nyeusi, magitaa yenye mkwaruzo, na uimbaji unaosikika kama umepitishwa kwenye simu mbovu. Vampire Weekend walipanda jukwaani wakiwa na fulana za kola, sweta na viatu vya kuvaliwa kwenye mashua. Gitaa lao halikuwa na mkwaruzo hata kidogo. Kwa mashabiki wa roki wa wakati ule, hilo la gitaa lilishangaza kuliko mavazi.

Rekodi zilifanywa kwa vipande vipande, katika chumba cha chini ya nyumba, ghala la shambani na studio ndogo ya Brooklyn. Nakala za awali zilisambaa kwenye intaneti mwaka 2007, kabla ya XL Recordings, lebo huru ya London, kuitoa albamu yote. Jarida la Spin liliwaweka kwenye jalada la toleo lake la Machi 2008, kabla vumbi la uzinduzi halijatulia. Jalada la albamu yenyewe ni picha ya Polaroid iliyopigwa kwenye moja ya maonyesho yao ya mwanzo pale chuoni: taa kubwa ya kioo inaning'inia darini, na chini yake vinaonekana vichwa vya watu. Inaeleza mazingira ya muziki huu vizuri kuliko picha yoyote ya studio.

Bendi iliuita muziki wake, kwa utani, Soweto ya Upper West Side, na wengi walilichukua neno hilo kama ramani. Ramani hiyo inapotosha. Kinachosikika kwenye gitaa la Koenig kina undugu zaidi na Kinshasa na Paris kuliko Johannesburg. Kwasa kwasa ilianza Kinshasa katika miaka ya 1980 kama mtindo wa kucheza, kiuno kikienda mbele na nyuma huku mikono ikikifuata. Aliyeipeleka duniani ni Kanda Bongo Man, mwimbaji aliyehamia Paris mwaka 1979. Badala ya kuanza kwa rumba ya taratibu, ya kuimba na kulia mapenzi, na kumfanya msikilizaji asubiri hadi magitaa yachachamae, Kanda aliikata sehemu ya mwanzo na kuingia kwenye sebene moja kwa moja. Kazi ya solo ilifanywa na Diblo Dibala, mzaliwa wa Kisangani, ambaye vidole vyake vilimpa jina la utani la bunduki ya rashasha. Gitaa lake linalia juu, noti fupi, safi, zinazojirudia na kugeuzwa kidogo kila zinaporudi.

Koenig aliuchukua usafi huo. Katika "Cape Cod Kwassa Kwassa" gitaa linafungua wimbo kwa noti chache za juu zinazopishana na sauti ya mwimbaji, na hapo mtu aliyezoea muziki wa Lingala hutega sikio. Kisha hungoja sebene. Haiji. Wimbo unakwisha baada ya dakika tatu na nusu bila solo kufunguka, bila rapu ya kumhimiza mchezaji, bila gitaa la pili na la tatu kusukana na la kwanza. Dramu za Tomson nazo haziendi kule: hazina ule mwendo wa kukimbia wa Kikongo unaomnyanyua mtu kitini, zinagonga taratibu, zikiacha nafasi. Kilichokopwa ni rangi ya gitaa, na umbo la wimbo likabaki la roki: beti, kiitikio, mwisho. Hilo si kosa. Wimbo ungekuwa mbaya zaidi kama vijana hao wangejaribu kupiga sebene, kwa sababu sebene hudai wapigaji waliokaa pamoja jukwaani usiku hadi alfajiri kwa miaka. Lakini aliyenunua albamu kwa ajili ya jina la wimbo huo alikuwa na haki ya kuguna. Isitoshe, mwaka 2008 kwasa kwasa ilikuwa imeshazeeka nyumbani kwake. Kinshasa ilihamia kwenye ndombolo tangu katikati ya miaka ya 1990.

Wimbo huohuo unamtaja Peter Gabriel, mwimbaji Mwingereza, kwa mzaha wa kujicheka: vijana wanajua kwamba wanakanyaga njia ambayo wazungu wengine walishaikanyaga. Jina hilo lina uzito wa pekee kwa Watanzania. Gabriel alikuwa mmoja wa waanzilishi wa tamasha la muziki wa dunia la WOMAD, na lebo yake ya Real World ndiyo iliyotoa mwaka 1989 albamu ya Remmy Ongala na Orchestre Super Matimila iliyomfikisha Dokta Remmy kwa wasikilizaji wa Ulaya. Gabriel hakuchukia mzaha huo. Baadaye aliuimba wimbo wenyewe pamoja na kundi la Hot Chip la London, akilitamka jina lake mwenyewe.

Jina lililotajwa zaidi na wahakiki lilikuwa la mwimbaji Mmarekani Paul Simon. Albamu yake "Graceland" ya 1986 ilianzia Johannesburg, alikokwenda mwaka uliotangulia kurekodi na wanamuziki kama mpiga gitaa Ray Phiri na mpiga besi Bakithi Kumalo, wakati Umoja wa Mataifa ulikuwa umetaka wasanii waisusie Afrika Kusini ya ubaguzi. Ugomvi uliofuata ulikuwa mkubwa, na Vampire Weekend walirithi sehemu yake. Tofauti haikuzungumzwa vya kutosha. Simon aliwaajiri Waafrika, akawataja kwa majina na kuzunguka nao duniani. Vampire Weekend walijifunza kwa kusikiliza rekodi na wakapiga magitaa wenyewe. Anayedai kwamba njia ya pili ni safi zaidi kwa sababu haikuvunja mgomo wowote, na anayedai ni mbaya zaidi kwa sababu hakuna mpiga solo wa Kikongo aliyelipwa hata senti, wote wana hoja.

Mjadala huo wa Afrika umefunika chanzo cha pili cha albamu, ambacho kwa kweli kina sehemu kubwa zaidi katika uzuri wake: muziki wa Ulaya wa karne za 17 na 18. Hapa mkono wa Batmanglij unaonekana. "M79", uliopewa jina la basi linalokatiza bustani ya Central Park kutoka mashariki hadi magharibi mwa Manhattan, unaongozwa na fidla na sauti ya hapsikodi, kinanda cha kale ambacho nyuzi zake huchokolewa badala ya kugongwa. Fidla zinaingia, zinakimbizana, zinaacha mwanya kwa mwimbaji, zinarudi. Msikilizaji wa taarabu asilia ya Unguja, aliyezoea fidla zinazojibizana na mwimbaji, atauelewa upesi kuliko shabiki wa magitaa matupu. Kila ala ina nafasi yake na hakuna inayoifunika nyenzake. Ndiyo maana rekodi iliyofanywa kwa fedha kidogo haijachuja. Albamu nyingi za indie za miaka ile zilijaza sauti hadi pomoni, na leo zinachosha sikio.

"A-Punk" ndio uliowafikisha redioni. Una dakika mbili na ushei, gitaa moja linalorukaruka, kinanda kinachoiga filimbi, na mahali pa kupiga kelele ambapo hata asiyejua Kiingereza anaweza kushiriki. "Oxford Comma" unaanzia kwenye kanuni ya kuweka koma kabla ya kiunganishi kinachotangulia neno la mwisho katika orodha, na unaitumia kumcheka mtu anayejiona bora.

Maneno ya nyimbo ndiyo yaliyoleta tuhuma nyingine, kwamba hii ni bendi ya watoto wa matajiri inayojisifu kwa mapaa ya Kifaransa, vyuo ghali na likizo za pwani. Ukiyasikiliza kwa utulivu, tuhuma hiyo inalegea. Msimulizi wa nyimbo hizi yuko pembeni ya utajiri anaoueleza, anautamani na kuucheka kwa wakati mmoja. Katika "Walcott" anamsihi mwenzake aondoke Cape Cod haraka. Wimbo wa mwisho, "The Kids Don't Stand a Chance", unawatazama wahitimu wanaomezwa na kazi za fedha na suti zake. Ulitoka Januari, Septemba ya mwaka huohuo benki ya Lehman Brothers ilifilisika, na wengi wa vijana hao wakajikuta mitaani na vyeti vyao. Bendi haikutabiri chochote, ila wimbo ulipata maana ambayo haikuwamo ulipoandikwa.

Udhaifu upo. Baada ya "Campus", wimbo mtamu kuhusu kukutana na mpenzi wa zamani chuoni, albamu inalegea. "Bryn" hupita bila kuacha alama, "One" hurudia mwito wake hadi unakera, na "I Stand Corrected" hauna la kusema zaidi ya jina lake. Dakika nane hivi zinapotea hapo, hadi "Walcott" na vinanda vyake vya kasi vinapouamsha ukumbi.

Bendi haikubaki ilipokuwa. "Contra" ya 2010 ilishika namba moja katika chati ya albamu ya Billboard, na "Modern Vampires of the City" ya 2013, yenye giza na mawazo ya kifo na Mungu, ilipata tuzo ya Grammy. Batmanglij alijitoa mwaka 2016. Waliobaki watatu wakatoa "Father of the Bride" mwaka 2019 na "Only God Was Above Us" mwaka 2024. Wahakiki wengi huiona ile ya 2013 kuwa kilele chao, na wana sababu. Ya kwanza, hata hivyo, ndiyo nyepesi kuisikiliza na ndiyo iliyo rahisi kumpa mtu asiyependa roki. Atakayeitafuta aichukue pamoja na albamu ya Kanda Bongo Man ya 1989 iitwayo "Kwassa Kwassa", na aisikilize ile ya Kanda kwanza.