Ukuta unamzuia mwizi, nani anamzuia mtoto asifike bwawani?

Arusha. Ukipita Njiro, Sakina au Usa River utaona kuta ndefu, nyaya za umeme juu yake na mlinzi getini. Ndani ya baadhi ya nyumba hizo kuna bwawa la kuogelea, na kati ya mlango wa jikoni na maji hakuna kizuizi chochote. Mwizi amefungiwa nje. Mtoto wa miaka miwili amefungiwa ndani, pamoja na maji.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao ni watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto mdogo anayezama mara nyingi hapigi kelele. Mama anapokea simu akidhani mtoto yuko na dada, dada anafua akidhani yuko na mama. Dakika chache zinatosha.

Kibali kwanza

Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 inataka uendelezaji wa kiwanja mjini uwe na kibali. Kwa hiyo onyesha bwawa kwenye ramani unayopeleka halmashauri, usisubiri fundi aje kulichimba baadaye kimyakimya. Walio mjini wanakwenda Halmashauri ya Jiji la Arusha, wa Kisongo na Ngaramtoni ni Halmashauri ya Wilaya ya Arusha, na wa Tengeru na Usa River ni Meru. Ukitaka kuchimba kisima kirefu cha kulijaza, waone pia Bodi ya Maji Bonde la Pangani.

Hata hivyo, kibali hakimshiki mtoto mkono.

Uzio wa pande nne

Kinachomlinda ni uzio unaozunguka bwawa lenyewe, pande zote nne. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2003 inayodai mabwawa ya majumbani yawe na kifaa cha usalama, kama uzio au kifuniko.

Kwa nyumbani kwako, mwambie fundi uzio usipungue mita 1.2, nafasi kati ya nondo isizidi sentimita 10, na geti lijifunge lenyewe, komeo likiwa juu asikofika mtoto. Usiache kiti au ndoo ya kupandia karibu. Midoli itolewe majini, kwa sababu ndiyo inayomwita.

Wewe mpangaji, uliza habari ya uzio kabla ya kulipa kodi. Bwawa lisilotumika nalo ni hatari: mvua za masika hulijaza maji ya kijani yasiyoonyesha kilicho chini.

Siku ya sherehe, mtu mzima mmoja apewe zamu ya kuangalia maji tu, bila simu. Maboya ya mikononi si mlinzi.

Huna bwawa? Angalia kisima, tenki la ardhini, shimo la maji taka na ndoo iliyojaa. Kwa wa vijiji vya miteremko ya Meru, angalia mfereji wa umwagiliaji unaopita shambani. Funika, au zungushia uzio.

Akizama

Mtoe, piga kelele za msaada, na mtu apige 114, namba ya Zimamoto na Uokoaji. Usimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Kama hapumui, mpulizie pumzi, kisha sukuma kifua mara 30 kwa kila pumzi 2, bila kuacha hadi msaada ufike. Akizinduka, apelekwe hospitali hata kama anacheka.

Leo jioni simama mlango wa jikoni, uhesabu hatua hadi kwenye maji. Kama njiani hakuna geti, mtoto wako naye anaweza kuzipiga hatua hizo.